Kibubu

Niliitwa kwa ajili ya mchwa, si kwa ajili ya muziki.
Ukumbi wa kanisa, Chumbageni. Piano imeegemea ukuta
kama mgonjwa anayengoja jina lake dirishani.
Mimi ni fundi wa karakana ya reli,
niliyestaafu baada ya reli yenyewe kustaafu;
mkono wangu unajua nati, haujui nota.
Nikafungua kifua chake: kiota cha panya, pini ya nywele,
risiti ya mkonge iliyofifia hata mwaka hausomeki,
na vibonye themanini na nane.
Nikavihesabu kwa sauti. Nyuma yangu mtoto akanisahihisha:
"Themanini na saba, babu. Kimoja ni kibubu."

Hoza Semkiwa. Miaka tisa, macho ya manjano,
soksi za shule zimevutwa kuficha vifundo vilivyovimba.
Akanionyesha. Akabonyeza:
nyundo ikaenda, ikarudi, haikuleta neno.
Waya ulikuwa umekatika tangu enzi za mchungaji aliyepita.
Nikamwahidi nitautafuta.
Sikuutafuta. Waya ule uko Nairobi,
na Nairobi ni nauli.

Mwalimu wa kwaya alikikwepa kibonye kile
kama unavyokwepa shimo la barabarani ulilolizoea.
Hoza hakukikwepa.
Alikwenda nacho kidole kizima, kwa uzito wote,
akangoja kimya chake kiishe,
ndipo akaendelea.
Nikamuuliza: unagonga nini pasipo na mlango?
"Naweka," akasema. "Kibubu si cha kuwekea?"

Akaweka miaka kumi na mitatu.
Tungo kumi na moja, kwenye daftari za hesabu za shamba la mkonge,
nota zikipita juu ya safu za *Ingizo* na *Toleo*.
Katika "Korona" mkono wa kushoto unasaga majani,
wa kulia unaning'iniza nyuzi nyeupe juani.
"Barabara ya Kumi na Saba" ina mwadhini na cherehani,
na hakuna anayemwomba mwenzake radhi.
"Wodi" aliitunga kwa mkono mmoja,
wa pili ukiwa juu ya chupa ya maji moto,
selimundu ikimtafuna kiwiko.
Ukurasa wa saba ulifungiwa bajia kwa bahati mbaya;
penye doa la mafuta, nota za nyuma huonekana mbele,
na watoto wa leo huzipiga zote.

Alikufa Jumanne, Bombo, mvua za masika,
umri miaka ishirini na miwili na siku nne.
Siku nne ni hesabu ya mama yake. Mimi ningeziacha.

Wakaja wageni kutoka Dar es Salaam na kamera.
Wakasema *kipaji kilichozimika*, wakasema *hazina*,
wakaulizia choo.
Mmoja wao, kijana mwema, simlaumu,
alileta waya katika bahasha.
Nikaufunga alasiri moja, nikaukaza,
ukalia vizuri. Nilijisifu, nakiri.

Jumapili Salome Mbelwa akapiga "Korona".
Akafika pale. Akabonyeza.
Ikatoka sauti safi, ya mviringo, kama kijiko kwenye glasi.
Bi Filomena alikuwa akifagia kati ya mabenchi.
Ufagio ukasimama.
"Nani huyo," akauliza, "aliyemkatiza mwanangu?"

Hakuna aliyejibu. Salome akaficha mikono kwapani.

Usiku ule nilirudi na funguo, koleo na tochi.
Kuulegeza waya ni kazi ya dakika mbili;
mimi nilitumia saa nzima.

Sasa wapo wanafunzi sita, na wa saba anayechungulia.
Wakifika pale wanabonyeza, wanangoja.
Salome huhesabu kwa kidevu.
Mgeni akiuliza mbona piano haijatengenezwa,
wanamwambia: fundi wetu mzee.

Waya uko kwangu, kwenye kopo la misumari.
Siku mkigawana vitu vyangu, tafadhali,
msiufanye antena.